Mkebe wa Sehemu ya Nne

Tallis Ferry, Mississippi
Jumanne, 3 Mei 1921

Lalia,

Mimi mzima, ila mgongo. Wiki nzima nalala katika kitanda kilichotengenezewa mtu mfupi, na mashine ya kuonyeshea filamu inalala vizuri kuliko mimi kwa sababu naifunika kwa koti langu. Mwenye nyumba ni mjane anayeitwa Tamar Bledsoe. Anafua nguo za gereza la kaunti, na kwa mapishi hana mpinzani huku. Usinune. Nimesema mapishi tu.

Nina tatizo. Mvua ya Vicksburg iliingia kwenye sanduku, na mkebe wa sehemu ya nne umejaa maji. Picha zimevimba, ukizigusa zinabaki kidoleni. Sehemu nyingine nne ziko salama. Kanisa limeshatangaza onyesho Jumamosi tarehe 14, saa kumi alasiri, ili watu warudi makwao kabla ya giza. Kina mama wameanza kukusanya mablanketi ya viraka ya kuziba madirisha. Wapo watakaotembea maili kumi na mbili waje kuona watu wa rangi yao wakiwa wakubwa ukutani, wamevaa suti, wanapendana, wanashinda kesi. Siwezi kuwapa hadithi isiyo na tumbo.

Tulichapisha sehemu ya nne mara tatu, na mbili unazo hapo nyumbani. Nitumie ile ya Kusini. Narudia, Lalia, ya Kusini, uliyoondoa mti na kamba ya kunyongea. Kuna askari anaitwa Rudd, naibu wa mkuu wa askari wa kaunti. Huja kila mkusanyiko wa watu wetu na kukaa mstari wa mbele bila kualikwa. Watu hawamsemi sana, lakini jina lake likitajwa Dada Tamar huondoka jikoni.

Mpe mkebe Kaka Hosea Gantt, mhudumu wa mabehewa ya kulala, mkononi mwake, pamoja na barua. Usitumie posta. Huku barua zetu husomwa kabla hatujazisoma sisi, na karani wa telegramu ni shemeji yake Rudd.

Wako,
Ambrose


Chicago
Jumamosi, 7 Mei 1921

Ambrose,

Kaka Gantt yuko mlangoni, amekataa hata kuvua kofia, kwa hiyo naandika mbio mbio. Mkebe huo. Nimeunga upya viungo vitatu vilivyokuwa vinaachia. Jikoni kote kunanuka gundi, na kaka yangu Lemuel analalamika kwamba kahawa ina ladha ya sinema. Bado anaringa, huyo. Jana kwa kinyozi alimtangazia kila mtu kuwa yeye ndiye aliyenyongwa katika filamu yetu, kwamba kamba ilimchubua shingo siku nne, na hadi leo hakuna aliyempa pole.

Huyo mjane wako mpishi mwambie kwamba mkeo pia anapika. Mwambie na hili, kwamba kwenye filamu anayeigiza mjane ni mkeo, kwa hiyo nafasi imeshajazwa.

Rudi baada ya Tallis Ferry. Sisemi zaidi, maana najua ukiona neno hilo kutoka kwangu unaruka mstari.

Lalia


Chicago
Jumatatu, 9 Mei 1921

Ambrose,

Mkebe niliokutumia si wa Kusini. Ni ule mwingine.

Nilikuwa na mikebe yote miwili mezani, nikiunga viungo. Unajua huwa napima kwa mizani ya jikoni, ule wa Kusini ni mwepesi. Lakini mizani Bibi Whitlow wa ghorofani aliiazima kumpima mjukuu wake aliyezaliwa juzi, na Gantt alikuwa mlangoni, basi nikapima kwa mkono. Niliuamini mkono wangu. Jana mchana mizani imerudi, nikapima ule uliobaki nikauona mwepesi, nikaufungua. Nimeuangalia wote mbele ya dirisha. Hauna mti. Mti uko kwako.

Umo wote, Ambrose. Umati, miguu ya Lemuel, na yule mtu wa beji anayeweka kofia yake sawa kabla ya kuvuta kamba. Yule utamwonyesha Rudd, akiwa mstari wa mbele.

Leo saa tatu nimetuma telegramu kwamba Lemuel mgonjwa sana, uje kabla ya Jumamosi. Lemuel mzima, anakula kuliko jana. Sikuweza kuandika ukweli kwa sababu ya huyo shemeji mtu. Barua hii anaibeba Bwana Oakes wa treni nyingine, maana Gantt hajarudi.

Una mkasi. Kata. Ukishindwa kukata, waambie sehemu ya nne imeharibika, uruke kwenda ya tano. Wakilalamika walalamike.

Mkeo,
Eulalia


Tallis Ferry
Alhamisi, 12 Mei 1921

Lalia,

Gantt ameleta mkebe na kesho anapita kuchukua barua hii. Siku hiyo hiyo ya mkebe ilikuja na telegramu yako. Karani alinikabidhi huku akinipa pole ya shemeji yangu, anatabasamu.

Haya, tuseme ukweli. Mwaka jana nikiwa Memphis ulimuua mama yako kwa telegramu. Nilisafiri siku mbili bila kulala, nikamkuta anakaanga kuku. Ukaapa kwa Biblia hutarudia. Sasa ni zamu ya Lemuel. Kama ni mgonjwa kweli, nisamehe, na Gantt aniambie. Kama ni yale yale ya kutaka nirudi, mimi nipo hadi Jumamosi, basi. Watu wameshaanza kufika, wanalala kwa jamaa zao.

Jana Dada Tamar aliniuliza kama ndani ya filamu kuna mambo ya mti. Mumewe alichukuliwa miaka mitatu iliyopita, yapata nusu maili kutoka hapa ninapoandika. Nikamwambia hapana, mama, tumeyaondoa, kwa usalama wa watu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema. Aliniongeza mboga na mkate wa mahindi, akaenda kuanua nguo. Chakula kilinishinda. Nimekuwa nikijiita mtu anayewaonyesha watu wetu maisha yao, na huyu mama nimemletea filamu ambayo mumewe hayumo.

Usiogope. Rudd atacheka, atalala, ataondoka.

Ambrose


Chicago
Jumamosi, 14 Mei 1921

Ambrose,

Naandika barua ambayo hakuna treni ya kuifikisha. Saa ya ukutani inasema saa kumi na robo.

Bwana Oakes amerudi leo asubuhi na barua yangu mfukoni. Walimbadilishia njia huko Memphis, hakufika kwako. Alilia akinirudishia. Gantt naye amefika saa sita na barua yako ya Alhamisi, nimeisoma nikiwa nimesimama kituoni na watu wananipiga vikumbo. Unaniambia nisiogope. Unanikumbusha kuku wa mama.

Nilikufundisha mwenyewe kutoniamini. Uongo wangu wa mwaka jana umekuja kukusubiri huko.

Sasa hivi umeshafunga mkebe kwenye mashine. Sehemu ya kwanza huchukua robo saa. Nimekaa sakafuni chini ya saa na kila dakika najua uko wapi. Sasa wako kwenye harusi. Sasa watu wanacheka. Sehemu ya pili. Lemuel ananiambia niondoke hapo, nimemfukuza. Naogopa kuangalia na naogopa kutoangalia. Sehemu ya tatu. Mungu wangu, zima mashine.

Ni saa kumi na moja kasoro.


Tallis Ferry
Jumanne, 17 Mei 1921
Kwa posta

Kwako Bibi Eulalia Pettiford,

Nakujulisha kuwa sijambo. Filamu ilionyeshwa na watu wote waliifurahia. Viongozi wa hapa wamenitendea kwa wema mkubwa. Nitachelewa kurudi kwa sababu ya shughuli. Hakuna haja ya kumwandikia mtu yeyote, wala gazeti lolote, wala kumtuma mtu.

Ni mimi mume wako,
Ambrose Pettiford


Chicago
Ijumaa, 20 Mei 1921

Kwa Bibi Tamar Bledsoe,

Hunijui. Mimi ni mke wa Ambrose, mgeni wako. Kaka Gantt atakupa barua hii mkononi, na nakuomba uichome ukishaisoma.

Nimepata barua kutoka kwa mume wangu. Mwandiko ni wake, maneno si yake. Hajawahi kuniita Eulalia tangu tuoane, na huko hajawahi kutumia posta. Mtu alikuwa amesimama juu yake alipoandika. Tafadhali niambie kama yuko hai.

Na kuna jambo lazima ulijue kabla hujanijibu, huenda usitake kunijibu tena. Ile picha ya mti haikupaswa kufika kwenu. Niliituma mimi kwa makosa, kwa haraka, kwa kutopima. Kama mume wangu amekufa nimemuua mimi, na kama mtu wenu ameumizwa nimemuumiza mimi. Silali, mama. Nikisikia hatua kwenye ngazi najificha nyuma ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, sijui kwa nini.

Eulalia Pettiford


Tallis Ferry
Jumanne, 24 Mei 1921

Binti yangu Eulalia,

Naandika mwenyewe. Kuandika nilijifunza ukubwani kanisani, kwa hiyo nivumilie.

Mumeo yu hai. Nimeanza na hilo ili yaliyobaki uyasome umekaa.

Yuko gereza la kaunti. Namwona Jumatatu na Alhamisi ninapokwenda kuchukua nguo chafu. Mbavu za kushoto si nzima. Barua uliyopata mumeo aliiandika huku Rudd amesimama nyuma ya kiti chake. Wanataka watu wake wa Chicago wakae kimya.

Sasa nikueleze Jumamosi. Kanisa lilijaa, wanaume wakasimama hadi nje. Rudd alikaa mbele, kanyoosha miguu. Sehemu tatu za mwanzo alicheka tulipocheka. Ikaja ya nne. Alipotokea mtu wa beji na kamba mkononi, ikabaki mashine tu kusikika. Mara kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha kikawa cheusi. Mumeo alikuwa ameziba mwanga kwa kofia yake. Mkono wa pili uliendelea kuzungusha, maana alitueleza mapema kwamba filamu ikisimama mbele ya taa inashika moto. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, karibu na mashine.

Nikasimama. Nikamwambia, "Ondoa kofia, kaka. Mimi yangu niliiona bila kofia."

Akaondoa.

Hakuna aliyelia na hakuna aliyetoka. Rudd alisimama, na kivuli chake kikaangukia kitambaa, akawa katikati ya wale watu wa kwenye picha, pamoja nao chini ya mti. Alibaki hapo akiangalia. Watu wote walimwona mahali alipo. Kisha akatoka. Mchungaji akasema wanaokaa mbali waondoke, hakuna aliyenyanyuka, tukaangalia hadi mwisho. Rudd na wenzake waliporudi na magari matatu tulikuwa ndiyo tunaanza kutoka. Mashine waliivunja kwa shoka. Mikebe waliichoma uani, moto ukaruka juu kuliko mlango. Mumeo hakukimbia. Alisimama mbele ya mikebe akajitaja jina, nadhani ili wasitafute mwingine.

Unasema kosa ni lako. Mimi sijui. Nilifurahi kuona, na tangu siku hiyo naogopa mlango wangu kama wewe unavyoogopa wako. Yote mawili yamo ndani yangu, na hakuna moja linaloliondoa jingine.

Nilikuona na wewe kwenye kitambaa. Usiudhike, ulilia vibaya. Ulifunika uso kwa mikono. Mimi waliponiletea wangu sikulia. Nilianza kutafuta kiatu chake cha pili, nikazunguka nyumba yote nikitafuta.

Jambo la mwisho. Mkuu wa gereza amemwambia mumeo ataachiliwa Ijumaa, jua likizama. Amemwambia kwa upole. Mume wangu naye waliniambia wamemwachilia, jua likizama. Walikuwa wanamngoja njiani. Sisi wachache tumepanga jambo, wala sitaliandika. Usije huku, usimtume mtu. Omba tu.

Tamar Bledsoe


Cairo, Illinois
Jumamosi, 28 Mei 1921

Lalia wangu,

Nimevuka mto. Niko nyumbani kwa dada yake Gantt, nimefungwa mbavu kwa shuka, naandika nikiwa nimeegemea ukuta. Mkono ndio huu unaouona, usijali maandishi.

Jumatano alikufa mzee mmoja katika chumba changu cha gereza, kwa homa tu, na Dada Tamar alishajua mapema kuwa hatapona. Alhamisi Dada Tamar alikuja kuchukua nguo, akaziangalia shuka za yule mzee, akapiga kelele kwamba ni ndui. Mlinzi alirudi nyuma hadi ukuta wa pili na hakusogea tena. Aliwatupia funguo wafungwa wenzangu wamtoe maiti upesi. Bwana Purvis, mtengeneza majeneza, alikuwa tayari nje na gari lake. Nilitoka humo ndani ya jeneza la yule mzee, naye akiwa chini yangu. Wafungwa wanne walibeba uzito wa watu wawili mbele ya macho ya mlinzi, na hakuna hata mmoja aliyeguna. Jina la mzee lilikuwa Absalom. Nilikuwa nimemshika mkono ili usigonge ubao. Kituo cha tatu mbele, Gantt alinipokea na kunilaza kwenye kabati la mashuka machafu. Dada Tamar alipanda treni hiyo hiyo na kikapu kimoja, kwa sababu uongo wa ndui ungejulikana kabla ya jioni. Sasa hivi yuko chumba cha pili, amelala na viatu.

Ameniambia ulichomwandikia. Kwa hiyo lazima nikuambie mimi, kabla hatujaonana, maana nikikuona nitashindwa.

Kosa si lako. Niliufungua ule mkebe Ijumaa.

Gantt alipoondoka na barua yangu ya dharau nilianza kuifikiria telegramu yako. Uliapa hutarudia, na wewe huchezei Biblia. Kama umevunja kiapo basi kuna jambo baya kuliko kuvunja kiapo. Nikafungua mkebe, nikavuta filamu mbele ya dirisha la jikoni, na kitu cha kwanza nikaona miguu ya shemeji Lemuel. Nikaelewa yote. Mkasi ulikuwa mezani. Nje ya dirisha hilo hilo Dada Tamar alikuwa anaanika mashati ya gereza. Niliushika mkasi, nikauweka, nikaushika tena. Mwisho nikaurudisha kwenye droo.

Usidhani ni ushujaa. Ulipofika wakati wenyewe niliziba kwa kofia. Kama si yeye ningeiacha kofia pale. Lakini nilijua, Lalia. Niliwaweka watu wote wale ndani, madirisha yamezibwa, na nilijua.

Nichukie kwa hilo kama utataka. Usijichukie wewe.

Ambrose


Chicago
Jumatatu, 30 Mei 1921

Ambrose,

Uko hai. Nimemshukuru Mungu nikiwa nimepiga magoti, kisha nimeinuka nikachukua sufuria nikaipiga ukutani. Lemuel alikuja mbio akidhani tumevamiwa.

Ulijua Ijumaa. Mimi Jumamosi nilikuwa sakafuni chini ya saa, na kwa zaidi ya wiki mbili nimeishi nikiamini mkono wangu ndio uliokutupa kwao. Hilo halisameheki kwa barua. Nakuja nalo, na utalisikiliza ukiwa na mbavu zako hizo hizo.

Filamu yetu imeteketea yote. Kilichobaki duniani ni mkebe mmoja jikoni kwangu, ile sehemu ya nne ya Kusini. Nimeiangalia tena leo. Watu wanakunywa chai barazani, wanaagana, kisha mwanamke analia na hakuna anayeweza kujua analilia nini. Mtu akija kuipata hiyo peke yake baada ya sisi kufa, atasema hawa waliogopa. Atakuwa sahihi. Kila kiungo nilichokata nilikata kwa hofu, na kwa unadhifu mkubwa.

Lemuel nimemweleza yote, kofia, Rudd, jeneza, mbavu. Safari hii hakuringa. Alishika shingo. Nikamuuliza, kama tungeipiga upya angekubali kuvaa kamba tena. Akaniuliza ni siku gani, ili aombe ruhusa kazini.

Mwambie Dada Tamar chumba cha nyuma ni chake. Mwambie amesema kweli, nililia vibaya, na nataka anionyeshe mtu anavyotafuta kiatu.

Bado naogopa, Ambrose. Wiki iliyopita niliwaogopa wale watu, na jana nilikuogopa wewe, kwamba utarudia. Leo najiogopa mwenyewe, kwa sababu nimejikuta nimesimama barazani nikipima kwa hatua mahali pa kuweka kamera. Treni yangu ni kesho asubuhi.

Lalia